Mwethya wa Kimya

Kuna watu wanaosema kwamba mtu akitaka kusoma atasoma popote. Watu hao hawajawahi kuwa na sapu. Sapu ni mtihani wa marudio, ule unaopewa ukishaanguka wa kwanza, na mimi nilikuwa na sapu ya Takwimu, mwaka wa mwisho, katika chuo kimoja pale Kitui ambacho sitakitaja kwa sababu bado nataka cheti changu kibaki changu. Nikipita, nahitimu na wenzangu. Nikianguka, narudia mwaka mzima kwa ajili ya somo moja tu.

Hata hayo ningeyabeba. Shida ilikuwa mama yangu. Kwetu ni Kilungu, juu kwenye vilima, na mama alikuwa tayari amesimama kanisani wakati wa matangazo, kati ya harusi ya mtu na mchango wa mabati, akasema kijana wake anahitimu. Tangazo la kanisani halifutwi hivi hivi. Ili kulifuta ingebidi asimame tena pale pale, mbele ya akina mama wale wale, aseme kijana ameanguka, na nilijua angevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa ili kulisema. Kila nilipofungua daftari nilikiona kile kitambaa. Nilikiogopa kuliko mtihani.

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kusoma.

Maktaba yetu ilikuwa ndogo, na wakati wa mitihani viti vyake vilikuwa na wenyewe hata kabla mlango haujafunguliwa. Sijui walikuwa wanaingilia wapi. Ukifika unakuta leso hapa, sweta pale, chupa ya maji, na kwa wale wasio na mali, jiwe. Jiwe likiwa juu ya meza maana yake mtu anarudi. Mawe nilikuwa nayatoa bila huruma. Sweta pia niliwahi kuzihamisha. Lakini kiti kimoja pembeni ya dirisha, kizuri kupita vyote, kilikuwa kimewekewa Biblia, na hapo nilishindwa. Mimi nimelelewa na mama wa matangazo. Mkono ulikataa kabisa. Si mimi peke yangu, hakuna mtu katika chuo kizima aliyethubutu kuigusa. Ile Biblia ilikaa pale tangu mitihani ianze hadi iishe, imefunguliwa Zaburi, imepata upepo wa dirishani na mwanga wa kutosha. Nadhani katika mitihani ile hakuna aliyesoma vizuri kuliko hiyo Biblia. Mwenyewe, tulikuja kusikia, alikuwa ameenda kwao Mutomo kumwona shangazi na akakaa huko.

Nikajaribu kusoma na wenzangu kwenye darasa tupu. Kusoma pamoja kwa kikundi kunaitwa kudiskasi, na mimi nawaambia kwa moyo safi kwamba sijawahi kujifunza kitu kwenye kudiskasi isipokuwa nani ameachana na nani. Siku ile tulianza na uwezekano, tukafika kwenye uwezekano wa mpishi wa kantini kuwa anapunguza maharagwe, na huko ndiko tulikobaki. Mmoja alichora hata grafu. Nilitoka kwa hasira.

Halafu mtu mmoja akaniambia hospitali. Akasema kuna veranda ya wagonjwa wa nje, yenye kivuli, yenye benchi refu, na watu hawapigi kelele kwa sababu wanaumwa. Nilikwenda. Kweli palikuwa pazuri. Nikakaa mwisho wa benchi na daftari langu, nikafungua ule ukurasa wa mfuko wenye mipira myekundu na myeupe, unaouliza kwamba, bila kuangalia ndani, ukichomoa miwili, kuna uwezekano gani iwe ya rangi moja. Nilikuwa nimeanza kuuona mwanga. Mzee aliyekaa kando yangu akanigusa kwa kiwiko.

"Songa, kijana."

Nikasonga. Nikaendelea kusoma. Baada ya muda tena, songa, nami nikasonga bila kuinua kichwa, kwa sababu mtu akikuambia usonge kwenye benchi unasonga, hiyo ni adabu. Sikuwa nimefikiria kwamba benchi la hospitali lina mahali linapoelekea. Niliposhtuka nilikuwa mwisho wake wa pili, mlango umefunguliwa, na muuguzi amenishika mkono ananipandisha kwenye mizani.

Ningeweza kusema nimekosea. Lakini nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga, wananitazama kwa ule uvumilivu wa wagonjwa, na niliona haya kuwaambia kwamba nimekalia nafasi yao bure. Nikaingia kwa daktari. Akanifunga mkono kwa kipimo cha presha, akakijaza upepo, akatazama saa yake, akakunja uso.

"Hii iko juu kidogo. Kuna kitu inakusumbua?"

"Takwimu, daktari."

Akaandika. "Ilianza lini?"

"Mwaka wa pili."

Aliniambia nipunguze chumvi.

Hivyo ndivyo nilivyofika mtoni. Chini ya chuo kuna mto wa mchanga, ile mito yetu ambayo sehemu kubwa ya mwaka haina maji juu, ila ukichimba unayakuta. Ukingoni kuna mkuyu mkubwa, na chini ya mkuyu nilikuta kitu ambacho hadi leo naamini kiliwekwa pale kwa ajili yangu: rundo la mawe yaliyopangwa vizuri sana, mapana chini, na nyuma yameinuka kidogo, kiasi kwamba ukikaa unapata pa kuegemea. Kimya kabisa. Mbuzi wawili watatu walinitazama, wakaamua sina maana, wakaendelea na vichaka vyao. Nilisoma mchana ule kama sijawahi kusoma. Nilielewa wastani. Nilielewa hata kwa nini wastani hautoshi. Nilirudi hosteli naimba.

Kesho yake niliwahi, nikakaa kwenye kiti changu cha mawe, na kabla sijageuza ukurasa nikasikia wimbo unashuka mlimani. Walikuwa akina mama, kundi zima, vitambaa kichwani, majembe begani, wengine na karai, wengine na mitungi, na mbele yao mama mmoja mfupi mpana aliyetembea kama mwenye mto. Alinifikia, akasimama. Wimbo ukasimama.

"Kijana, wewe ni wa chama?"

"Hapana, mwaitu," nikasema. Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni mama yangu, ndivyo tunavyowaita akina mama wa umri wake. "Nilikuwa nasoma tu."

"Umekalia ukuta yetu."

Nikasimama haraka. Kumbe yale mawe walikuwa wameyabeba wao, moja moja, kwa ajili ya kujenga ukuta wa kukinga mchanga na maji mtoni. Na hao walikuwa mwethya. Kwa asiye Mkamba nieleze kwa ufupi: mwethya ni watu wanaofanya kazi kwa pamoja, leo mitaro ya huyu, kesho shamba la yule, keshokutwa mto wa wote. Mimi mtoto wa Kilungu nimekua nikiwaona. Nilichokuwa nimesahau, kwa sababu ya elimu, ni ile sheria yao ya kwanza. Yule mama mfupi, kumbe ndiye mwenyekiti wao, alinikumbusha.

"Na hapa hakuna kuangalia. Mtu ako kwa kazi ama ako kwake."

Nilipaswa kwenda kwangu. Miguu ilikuwa imeshageuka. Lakini alikuwa tayari amenipa karai, na mama akikupa kitu mkononi huwezi kukiweka chini ukaondoka, si mbele ya wenzake wote. Nikaweka daftari kwenye tawi la mkuyu, nikabeba mchanga. Nilibeba mchanga hadi mabega yakawaka. Wao walikuwa wanaimba, mimi nilikuwa nahema. Mama mmoja mzee, mwembamba, asiye na meno ya mbele, alinipita mara nyingi na karai limejaa, na kila akinipita ananiuliza kama nimekula.

Walipopumzika walinipa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani ya mtu mzima. Ndipo mwenyekiti akauliza swali ambalo lilianzisha mambo yote.

"Sasa sisi tutakuja kwako lini?"

"Kwangu?"

"Umetufanyia kazi. Na sisi tutakufanyia. Ndiyo mwethya."

Nikamwambia hakuna haja, mimi ni mwanafunzi tu, kwetu ni mbali, ni Kilungu. Walipasuka kwa kicheko.

"Kilungu! Huko si ng'ombe inafungwa kwa mti ndiyo isiangukie jirani?"

"Malenge ikikuponyoka huko," akasema yule asiye na meno, "unaenda kuichukua chini kabisa Sultan Hamud."

Nikajibu kwamba angalau sisi tuna malenge ya kuponyoka. Msimu ule mvua ilikuwa imewakwepa, kwa hiyo nilikuwa nimegusa mahali pabaya. Halafu mwenyekiti akacheka hadi akashika kiuno, wengine wakamfuata, na kuanzia hapo nilikuwa wao.

"Lakini kweli," akasema, akijifuta macho, "kazi yako ni gani?"

"Sina shamba, mwaitu. Nina mtihani."

Nikawaeleza. Nikaeleza sapu, nikaeleza mama na tangazo la kanisani. Mambo ya sapu hayakuwagusa sana, lakini nilipofika kwenye tangazo waliacha kutafuna. Kila mmoja pale alijua kusimama kanisani ni nini. Yule mama mzee asiye na meno alifumba macho kabisa.

"Na shida ya hii mtihani ni nini hasa?" akauliza mwenyekiti.

"Mahali pa kusoma. Kila mahali kuna kelele."

Wakaenda kando wakateta. Waliporudi jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na sikuulizwa. Shamba langu ni mtihani. Kazi inayotakiwa kwenye shamba hilo ni kimya. Basi wangeifanya, kwa zamu, kama wanavyofanya mitaro, hadi siku yenyewe.

Nilidhani ni mzaha. Asubuhi iliyofuata mama wawili walikuja kunichukua hosteli.

Boma la mwenyekiti lilikuwa karibu tu na chuo, na uani kulikuwa na ghala la mahindi, kile kibanda cha fito kilichoinuliwa juu ya miguu ya mbao ili panya wasifike. Lilikuwa tupu, kwa sababu ile ya mvua niliyokwisha kuitaja vibaya. Walikuwa wamelifagia, wakaweka kigoda na meza ndogo, na pembeni kibuyu cha maji. Upepo ulipita kwenye fito taratibu. Nikapanda, nikakaa, nikafungua daftari. Chini yangu akina mama sita wa zamu walikaa kwenye duara, wakatoa viondo vyao, vile vikapu wanavyosuka, na kazi ya kimya ikaanza.

Sijawahi kusikia kelele kama ile.

Kwanza jogoo. Jogoo aliwika, na mama watatu wakaruka kumkamata. Jogoo asiyekuwa na habari ya Takwimu alizunguka boma mara nyingi, kuku wote wakalia kwa kumhurumia, mbwa akajiunga, na mwishowe wakamfunika na kapu. Ndani ya kapu akawika zaidi. Wakambeba kumpeleka kwa jirani, na jirani akauliza kwa sauti ya kuvuka bonde kwa nini analetewa jogoo, naye akajibiwa kwa sauti ya kurudi bonde kwamba kuna mtoto anasoma. Halafu ikawa pikipiki. Kila mwenye bodaboda aliyepita alisimamishwa njiani, akaamriwa azime injini na asukume hadi apite boma, na kila mmoja alibishana. Ingekuwa wanapita tu, kelele ingekwisha haraka. Siku moja mhubiri alisimika spika zake pale sokoni. Mwenyekiti alijifunga leso, akaenda. Sikusikia alichomwambia, lakini spika zilizimika, na jioni alirudi na mhubiri mwenyewe, aliyetaka kumwona mtoto anayesoma ili amwombee. Aliniombea akiwa amesimama chini ya ghala, kwa sauti yote ambayo spika zilikuwa zimemwepusha kuitumia.

Na kati ya hayo yote, minong'ono. Akina mama wa mwethya wamezoea kuongea wakiwa wametengana shamba zima. Wakinong'ona unasikia barabarani.

"Ameandika."

"Ameandika nini?"

"Siwezi kujua. Sasa ameacha."

"Amelala?"

"Aaa, anajikuna."

"Kujikuna ni kufikiria."

Nikisinzia, na muthokoi ya mchana haina huruma, donge la udongo liligonga fito. Kwenye mwethya hakuna kuinua mgongo kabla mstari haujaisha, na wao hawakuona tofauti ya jembe na kalamu. Jioni mwenyekiti alikuwa anakuja kukagua, kama anavyokagua mtaro. Nilimwonyesha nilikoanzia na nilikofika. Siku moja alikuta niko kwenye ukurasa wa jana. Aliutazama ukurasa, akanitazama mimi, akasema, "Kesho tutakukuta hapa hapa?" Usiku ule sikuhitaji donge.

Alitaka pia kujua ninasoma nini, nikamweleza ule mfuko wa mipira.

"Na kwa nini hawaangalii ndani?"

"Hairuhusiwi, mwaitu."

"Nani amekataza?"

Darasa letu lote lilikuwa limejiuliza hivyo hivyo tangu mwaka wa pili. Habari ya mfuko ikaenea kwa chama kizima, na kila zamu mpya ilipofika niliulizwa kwanza kama umefunguliwa.

Watu huniuliza kama nilisoma kweli katika vurugu ile. Nilisoma. Sikusoma kwa sababu ya kimya, maana hakikuwako. Nilisoma kwa sababu kulikuwa na akina mama sita chini yangu walioacha mashamba yao wakatoka jasho kwa kumfukuza jogoo, na nisingeweza kushuka pale mikono mitupu. Niliona haya, na ile haya ilinikalisha kwenye kigoda kuliko kitu chochote ambacho mhadhiri aliwahi kuniambia. Na niseme wazi, niliwapenda.

Siku ya sapu niliwaambia basi, kazi imekwisha, shukrani, au kwa lugha yetu, ni muvea. Mwenyekiti akasema wataona.

Chumba cha mtihani kilikuwa na watu wachache tuliobaki na deni la Takwimu. Mbele yangu alikaa msichana ambaye jina lake hufuata langu kwenye orodha, na viti vyetu hupangwa kuanzia nyuma, kwa hiyo miaka yote ya chuo nimefanya mitihani nikitazama mtandio wake. Kwao ni Garissa, baba yake na kaka zake huuza mifugo, na Takwimu ilikuwa imemwangusha pamoja nami. Karatasi zikagawiwa. Nikafungua.

Na chumba kikanyamaza. Kikanyamaza kwelikweli, hakuna kuku, hakuna mtu wa kusema nimeandika au nimeacha. Nilikuwa sijasikia kitu kama kile kwa muda mrefu, na kikanitisha. Nilisoma swali la kwanza nikaliona kama maandishi ya nchi nyingine. Swali la pili vivyo hivyo. Niliona kitambaa cha mama. Niliona hata rangi yake.

Halafu nje mashine ya kukata nyasi ikawaka, karibu kabisa na dirisha, na watu wote chumbani wakaguna. Ikanguruma kidogo tu. Kisha nikasikia sauti ninayoijua.

"Zima hiyo kitu. Mtoto wetu ako ndani."

Mwenye mashine akasema ametumwa na ofisi. Akajibiwa kwamba ofisi ije yenyewe. Mashine ikazimika.

Baadaye nilipata kujua walivyoingia. Walifika getini, askari akawauliza wamekuja kwa kazi gani, wakamwambia mwethya. Askari ni Mkamba wa Mutomo. Huwezi kuzuia mwethya, mama yako akisikia utaishi wapi? Akawafungulia, akawaonyesha hata dirisha. Wakaketi chini yake na viondo vyao, chama kizima, si zamu.

Msimamizi alisogea dirishani, akachungulia, akarudi kitini kwake. Nadhani naye alikuwa na mama. Chumba kikatulia tena, na katika utulivu ule ukapanda mnong'ono ambao lazima ulisikika hadi maktaba, hadi kwenye ile Biblia.

"Mnamwona?"

"Namwona. Anajikuna."

Mabega ya msichana aliyekuwa mbele yangu yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo na mtandio. Mimi pia nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikatazama karatasi na maneno yalikuwa yamerudi kuwa maneno. Swali la tatu lilikuwa mfuko wa mipira. Niliandika hadi muda ukaisha.

Nilipita. Sikupita vizuri. Ile gredi si ya kutangazwa kanisani, ingawa mama yangu aliitangaza. Msichana wa mbele yangu naye alipita, na kidogo kunizidi.

Mahafali yalifanyika uwanjani. Mama alikuja kutoka Kilungu na kitambaa chake kizuri na kiondo kimejaa parachichi, akakutana na mwenyekiti, na baada ya salamu mbili walikuwa wameketi pamoja wananisema. Chama chote kilikuwapo. Walikuwa wameshika viti vya safu nzima kwa kuweka mawe. Mama mmoja baada ya mwingine aliniuliza kama ule mfuko ulifunguliwa.

Chuo chetu ni kidogo, kwa hiyo majina yalikuwa yakisomwa moja moja, na kila jina likisomwa watu wake wanalipuka. Vigelegele, firimbi, mmoja alikuja hata na kengele ya ng'ombe. Mama yangu alikuwa ameviweka vigelegele vyake tangu nilipoingia darasa la kwanza. Najua, kwa sababu alikuwa akiniambia.

Jina langu likasomwa. Nikapanda jukwaani.

Hakuna sauti. Nilisikia viatu vyangu kwenye mbao. Nikageuka nikatazama watu wangu, nikaona mwenyekiti amesimama mbele ya safu, mkono mmoja umeinuliwa juu kuwanyamazisha wote, hata majirani wa kulia na kushoto, hata yule mwenye kengele, na mkono wa pili umemziba mama yangu mdomo. Macho ya mama yalikuwa yanatoka. Walikuwa kazini. Mtoto wao alikuwa anapita mahali pa mtihani, na kazi yao kwangu, tangu mwanzo, ilikuwa moja tu.

Nilivuka jukwaa lile lote kwenye kimya ambacho hawakuwahi kuweza kunipa pale ghalani. Nikainama, nikapewa mkono, nikashuka ngazi, nikaketi. Ndipo mwenyekiti akashusha mikono, akasema, na uwanja wote ukasikia, "Haya. Amemaliza."

Na safu nzima ikalipuka. Lakini wakati huo jina lililofuata lilikuwa limeshasomwa, na aliyesimama juu ya jukwaa, peke yake, alikuwa yule msichana wa Garissa. Lori la kaka zake lilikuwa limeharibika njiani na watu wake hawakuwa wamefika. Nilikuwa nimemwona asubuhi akitazama geti. Vigelegele vilimwangukia yeye vyote, vya chama kizima, na juu yao vile vya mama yangu, vya miaka yote ile, virefu, havikatiki. Alisimama. Akawatazama akina mama, na alijua kabisa ni akina nani. Akainua mikono miwili juu, akawapungia, akatembea polepole kama anayetaka visiishe.

Aliporudi kuketi kando yangu alikuwa analia na kucheka.

"Waambie mama zako asante," akasema.

Nikamwambia atawaambia mwenyewe, kwa sababu kwenye chama hicho ukishapokea lazima ubebe karai, na ukuta wa mtoni ulikuwa bado haujakwisha.